UZI: Bushi za loa amu kwenye IST, Vitz na Passo: zinavyokufa, zinavyopimwa, zinavyofungwa

Spana17

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa wenye gari ndogo za Toyota zilizojaa barabarani kwetu: IST, Vitz, Passo, Platz, Raum na nyingine za ukoo huo. Lalamiko ni lile lile kila gereji. Gari limefungwa bushi mpya za mbele (vile viungo vya mpira na chuma vinavyoshika mikono ya tairi), baada ya miezi mitatu minne mlio umerudi, lawama zote zinamwangukia muuza spea. Spea feki zipo, tutazifikia. Ila bushi nyingi zinauawa siku ile ile zinapofungwa, na kinachoziua ni bolti kukazwa wakati gari limening'inia kwenye jeki.

Loa amu, mkono wa chini unaoshika tairi, ambao wengine mnauita wishiboni, kwenye gari hizi ina umbo la L. Upande wa tairi kuna boljointi (kiungo cha mviringo kinachoruhusu tairi kugeuka), upande wa krosimemba (boriti ya chuma chini ya injini) kuna bushi mbili. Ya mbele ni ndogo, imelala, bolti inapita ndani yake kwa usawa. Ya nyuma ni kubwa zaidi, na ndani ya mpira wake kuna nafasi mbili zilizoachwa wazi makusudi. Ya mbele inabeba zaidi nguvu za pembeni unapokata kona. Ya nyuma inapokea nguvu za mbele na nyuma: breki, shimo, tuta, gia inapoingia. Ndiyo maana ya nyuma huwa inatangulia kuchanika.

Sasa tuelewane kwenye hili, kwa sababu mengine yote yanatoka hapa. Bushi ya mpira haizunguki juu ya bolti. Ina bomba la chuma la nje lililoingizwa kwa presi kwenye amu, ina bomba dogo la chuma la ndani linalobanwa na bolti, na katikati kuna mpira ulioshikana na chuma pande zote mbili tangu kiwandani. Bolti ikishakazwa, bomba la ndani linakuwa kitu kimoja na krosimemba. Tairi likipanda na kushuka, kinachojisokota ni mpira.

Chukua hesabu. Tuseme amu ina sentimita 33 kutoka bushi hadi boljointi. Gari likiwa kwenye jeki, tairi linashuka kama sentimita 8 chini ya kimo chake cha kawaida. Hizo ni nyuzi kama 14. Ukikaza bolti hapo, mpira unahesabu kwamba hapo ndipo nyumbani kwake. Unashusha gari, tayari umesokotwa nyuzi 14 kabla hujawasha injini. Ukikanyaga tuta na tairi likapanda sentimita 6 nyingine, unaongeza nyuzi kama 10. Mpira uliotengenezwa kucheza kidogo huku na kidogo kule unafanya kazi yote upande mmoja, hadi nyuzi 24 au 25, na hata gari likiwa limepaki usiku kucha bado umesokotwa. Unachanika pale ulipogandana na bomba la ndani. Fundi akiitoa anasema bushi ni ya Kichina.

Kanuni ni moja: bolti za bushi zishikizwe tu gari likiwa juu, zikazwe mwisho gari likiwa limebeba uzito wake kwenye matairi.

---

Pwani254

Salaam aleikum wadau. Ndugu Spana17, shukrani kwa maelezo. Huku Mombasa ukimpelekea makanika gari linalogonga mbele, atakubadilishia linki za stabilaiza (fimbo fupi zinazoshika ile fimbo ya kuzuia gari kulala kwenye kona), kisha boljointi, kisha shokapu, na mlio uko pale pale. Tutajuaje kwamba ni bushi kabla ya kununua chochote?

---

MtaimboMrefu

Ndugu wa Mombasa, wa aleikum salaam. Sikiliza mlio unatokea lini, hiyo peke yake inakupunguzia nusu ya kazi.

Linki ya stabilaiza hugonga kwenye vishimo vidogo vidogo, mwendo wa taratibu, hasa tairi moja linapopanda na lingine limebaki chini. Sauti ni nyepesi, ta-ta-ta. Ukipita tuta kwa matairi yote mawili kwa pamoja mara nyingi inanyamaza, kwa sababu stabilaiza haijisokoti. Maunti ya juu ya shokapu hulia ukizungusha usukani gari likiwa limesimama, na springi inaweza kuruka kwa mshtuko ukausikia kwenye usukani. Raki endi na tairodi endi, viungo vya fimbo za usukani, unazikuta kwa kushika tairi saa tatu na saa tisa na kulitikisa. Boljointi kwa kushika saa sita na saa kumi na mbili, tairi likiwa juu, huku mwenzako anaangalia amu. Kama mchezo unaonekana na amu imetulia, hiyo ni boljointi au beringi. Mtu akikanyaga breki na mchezo ukaisha, ni beringi.

Bushi ya nyuma ya loa amu inajulikana kwa breki na gia. Unafunga breki kwa mwendo wa kilomita 20 unasikia ko! moja nzito miguuni kwa dereva. Unaachia, gari likianza kwenda, ko! nyingine. Unatoa R kwenda D, mlio ule ule. Kwenye lami ukishika breki kwa nguvu gari linahama kidogo upande mmoja, ukiachia linarudi. Sababu ni kwamba tairi linarudi nyuma pamoja na amu, lakini tairodi haijasogea, basi tairi linajigeuza lenyewe bila wewe kugusa usukani.

Ukitaka kuona kwa macho, gari liwe chini kwenye shimo la gereji au juu ya rampu, si kwenye jeki. Likiwa limening'inia, bushi iliyochanika inaweza kujifunga yenyewe ukaiona nzima. Ingiza mtaimbo kati ya amu na krosimemba karibu na bushi ya nyuma, usukume mbele na nyuma, nguvu ya mkono tu. Bushi nzima husogea milimita chache na kurudi polepole. Iliyokufa inaruka na kugonga chuma.

Kuhusu nyufa: mistari midogo juu ya mpira ni uzee, haimaanishi kubadilisha leo. Chukua waya mwembamba au bisibisi ndogo, ingiza kwenye ufa. Ukizama zaidi ya milimita 5, au ukiona mpira umeachana na bomba la ndani, hiyo imekwisha. Angalia pia bomba la ndani kama bado liko katikati. Likiwa limekaa upande mmoja limegusana na ukuta, huna haja ya mtaimbo.

Mwenye kutaka kipimo cha gia: handibreki juu, magogo nyuma na mbele ya matairi ya nyuma, msaidizi akanyage breki kabisa kisha abadili R na D bila kukanyaga mafuta. Anayetazama akae pembeni ya gari, kamwe asikae mbele yake, wala chini yake.

---

Nyanda_Mwanza

Naongeza dalili moja ambayo watu hawaihusishi na bushi: tairi la mbele kula upande wa ndani, na alaimenti (mpangilio wa pembe za matairi) isiyokaa. Unapima leo, mashine inaonyesha kijani, wiki mbili mbele tairi linaendelea kuliwa. Mashine ya alaimenti inapima gari lililosimama. Bushi iliyochanika inahama gari likiwa kwenye mwendo na kwenye breki. Fundi mwaminifu wa alaimenti anakagua bushi kwanza, akikuta mbovu anakurudisha gereji bila kugusa tairodi.

---

Kiberenge

Mkuu Spana17, nakubaliana na wewe ila niweke jambo sawa. Ile ya kukaza gari likiwa chini inaihusu zaidi bushi iliyolala. Amu nyingi za familia hii bushi ya nyuma imesimama, bolti yake inapita wima. Amu ikipanda na kushuka, bushi ya wima haisokotwi kuzunguka bolti, inainamishwa. Ukiikaza juu au chini, mwinamo wake ni ule ule kwa sababu unaamuliwa na umbo la amu na krosimemba.

Kwa hiyo gari ambalo bushi ya mbele imekufa mapema na ya nyuma nzima, shuku ukazaji. Ya nyuma ikifa mapema na ya mbele nzima, shuku upande wa matundu ya mpira, au ubora wa spea. Ni njia nzuri ya kumjua aliyekosea bila kugombana na mtu.

---

Spana17

Kweli kabisa mkuu Kiberenge, na hiyo ya kusoma bushi iliyotolewa kabla ya kuitupa watu waishike. Bado nashauri zote zikazwe gari likiwa chini, kwa sababu amu inajiweka sawa mahali pake kabla ya kubanwa, na hakuna gharama ya ziada.

---

Dada_Gereji

Wakuu, niweke utaratibu wa kazi yenyewe, maana hapa kwenye kutoa na kuingiza ndipo amu nyingi zinapinda.

Kabla ya kunyanyua gari, pima kwa futi kamba kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Andika. Hicho ndicho kimo cha gari na utakihitaji mwishoni.

Legeza nati za tairi gari likiwa chini (soketi ya 21), nyanyua, weka stendi mbili kwenye sehemu za jeki. Jeki peke yake si stendi. Toa tairi, fungua linki ya stabilaiza kama imefungwa kwenye amu. Chomoa kotapini (pini inayozuia nati kufunguka) ya boljointi, legeza nati lakini iache imeshika nyuzi chache. Tumia pula kuachanisha. Kama huna pula, piga pembeni ya sikio la nako (chuma kinachobeba tairi) kwa nyundo, usipige nyuzi za boljointi. Kisha bolti za bushi. Nyingi ni za 17 na 19. Zikiwa na kutu, pulizia dawa ya kutu uache ikae, usianze na bomba refu la kuongezea nguvu, kwa sababu nati nyingine zimechomelewa ndani ya krosimemba na zikivunjika humo unaanza kazi nyingine ya kukata bati.

Kwenye baadhi ya gari za otomatiki, bolti ya mbele upande wa gia haitoki mpaka krosimemba ishushwe kidogo. Ukilazimika, chora mistari kwa rangi kuonyesha krosimemba ilipokaa kwenye chasisi. Usipochora utarudisha ikiwa imehama, na usukani hautanyooka.

Amu ikishatoka, usiitoe bushi kwanza. Shika bisibisi au patasi, chora alama kwenye chuma cha amu inayolingana na matundu ya mpira. Piga picha kwa simu. Pima bomba la nje limetokeza milimita ngapi kila upande.

Kutoa: presi ya tani 10 au 20. Chini ya amu weka kipande cha bomba ambacho bushi inaweza kupita ndani yake, kizungushe tundu lote, kisishike upande mmoja. Amu hizi ni za bati lililokunjwa, katikati ziko wazi. Tundu la bushi ya mbele likibanwa bila kitu cha kulisaidia, bati linajikunja na tundu linakuwa yai. Kata kipande cha chuma kinachoenea kati ya kuta mbili, kiweke hapo kabla ya kukandamiza.

Bushi ikigoma, toa mpira kwa kutoboa, halafu pitisha msumeno wa chuma ndani ya bomba la nje na kulikata kwa urefu, taratibu, bila kugusa amu. Bomba likishapasuka linalegea lenyewe. Msichome moto. Moshi wa mpira ni sumu, mpira wa boljointi unaungua, rangi inatoka na kutu inaanza.

Safisha tundu kwa msasa mpaka ling'ae. Pima kwa vernia (kipimo cha milimita): bushi mpya lazima iwe kubwa kidogo kuliko tundu. Ikiingia kwa mkono, ama si saizi yake ama tundu limepanuka. Hapo msimruhusu mtu kuishikiza kwa weldingi. Joto linaachanisha mpira na chuma, bushi imekufa kabla gari halijatoka gereji.

Kuingiza, sukuma bomba la nje peke yake. Tafuta kikombe au soketi kubwa yenye upana sawasawa na ukingo wa bomba hilo. Ukisukuma mpira au bomba la ndani, unachana mshiko wa kiwandani na huwezi kuona. Maji ya sabuni yanatosha kulainisha. Grisi na oili chafu hapana, mpira asili unavimba na kulainika ukinywa mafuta.

---

Pwani254

Dada, maelezo ya kiwango cha juu. Hayo matundu ya mpira yakikaa vibaya kuna madhara gani hasa?

---

Dada_Gereji

Matundu yanaamua bushi iwe laini upande gani na ngumu upande gani. Upande wenye nafasi, amu inaruhusiwa kurudi kidogo tairi linapogonga shimo, mshtuko usiingie ndani ya gari. Upande wenye mpira mnene, amu inashikwa isihame kwenye kona. Ukiigeuza robo mzunguko, gari linakuwa gumu kwenye mashimo na linayumba kwenye kona, na ukuta mwembamba wa mpira unabeba mzigo usio wake. Unachanika mapema mno. Bushi nyingi zina mshale, kijino au alama ya rangi ukingoni. Zilingane na alama uliyochora. Kama fundi ametoa ya zamani bila kuchora, tumieni amu ya upande wa pili kama kioo, na kumbukeni kwamba kulia na kushoto ni kinyume.

Kumalizia: rudisha amu, ingiza bolti zote kwa mkono, zishikize tu. Nati ya boljointi ikazwe kikamilifu na kotapini iwe mpya. Tundu lisipolingana, kaza mbele kidogo mpaka lilingane, usirudishe nyuma. Funga tairi, shusha gari, lisukume mbele na nyuma, kandamiza boneti mara kadhaa litulie. Ingia shimoni ukaze bolti za bushi kwa kiwango cha kitabu cha gari lako, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Nati za tairi kwenye gari hizi ni Nm 103.

Gereji isiyo na shimo wala rampu: gari likiwa kwenye stendi, weka jeki nyingine chini ya boljointi, pandisha mpaka kipimo cha katikati ya tairi hadi bodi kifike kile ulichoandika mwanzo. Hapo kaza. Pandisha polepole, na bodi ikianza kuachana na stendi, simama.

---

Mkwaju_Tanga

Wakuu, kuna hawa wanaochonga bushi kwa mashine kutoka kwenye plastiki ngumu au mpira wa tairi la lori. Bei ni nafuu na wanasema hazifi. Na zile za rangi za poliyurethani?

---

Kiberenge

Ni vitu viwili tofauti, nivitenge.

Ya kuchonga kwa mpira wa tairi haijashikana na chuma popote. Ndani ya tairi la lori kuna nyuzi na waya, mpira wake umetengenezwa kustahimili kusuguliwa na lami, haujatengenezwa kusokotwa mara maelfu. Bomba la ndani linazunguka bure, linasaga, baada ya muda tundu linakuwa kubwa. Ya plastiki ngumu ni mbaya zaidi kwa gari lenye amu ya L, kwa sababu bushi ya nyuma lazima iiname. Plastiki haiinami. Nguvu inahamia kwenye amu na krosimemba, na siku moja utakuta ufa kwenye chuma pale bolti inaposhika. Ni kweli bushi yenyewe haifi, kinachokufa ni krosimemba.

Poliyurethani iliyotengenezwa kiwandani kwa modeli yako ni bidhaa halali. Kwa kawaida ni ngumu kuliko mpira: kwa Shore A, kipimo cha ugumu, mpira wa bushi unacheza kwenye 50 hadi 70, poliyurethani 80 hadi 95. Tofauti kubwa ni kwamba hii inazunguka juu ya bomba lake la ndani, kwa hiyo suala la kusokotwa halipo, ila inataka grisi ya silikoni inayokuja nayo kwenye pakiti. Vumbi letu likiingia na grisi ikaisha, inalia kii-kii kila tuta. Gari la familia linalotembea barabara za mashimo, mimi nasema mpira. Mshtuko ambao bushi haimezi utamezwa na kitu kingine.

---

MtaimboMrefu

Na mliopandisha gari kwa spesa (vipande vya kuongezea kimo) mnahusika sana na uzi huu. Spesa juu ya shokapu inasukuma tairi chini, amu inabaki imeinamia chini muda wote. Bolti za bushi zilikazwa kwenye kimo cha zamani, kwa hiyo mpira wa bushi ya mbele umesokotwa daima, sawa na kukazwa kwenye jeki. Siku ya kufunga spesa, legezeni bolti za bushi, shusheni gari, litulie kwenye kimo kipya, kazeni upya. Ni kazi ya dakika chache na wengi hawaifanyi. Spesa ndefu zina gharama nyingine: boljointi na drivushafti (fimbo zinazozungusha matairi) zinafanya kazi kwenye pembe mbaya, na bushi ya nyuma inabaki imeinama kupita mpango wake. Hiyo haina dawa ya spana.

---

Nyanda_Mwanza

Swali la kila siku: ninunue bushi au amu nzima?

Angalia boljointi kwanza. Ikiwa imeunganishwa na amu na ina mchezo, nunua amu nzima, hakuna hesabu nyingine. Ikiwa inafunguliwa kwa bolti na bado ngumu, na amu yako ni ile iliyokuja na gari, haina kutu ya kula bati wala haijapinda, badilisha bushi pekee. Chuma cha awali mara nyingi ni kinene kuliko amu za bei ya chini. Piga hesabu ya bushi mbili, boljointi na kazi ya presi, linganisha na amu nzima ambayo haihitaji presi.

Ukinunua amu nzima, ilaze juu ya meza kando ya ya zamani. Matundu ya bolti yalingane, umbali wa boljointi ulingane. Shika bomba la ndani la bushi ya mbele ulizungushe kwa bisibisi: linatakiwa likupinge na kurudi. Likizunguka bure, mpira haujashikana, iache dukani. Nusa na ukwaruze kwa ukucha. Mpira unaoacha weusi mwingi mkononi au wenye harufu kali ya oili ni wa kutilia shaka. Iliyotoka kwenye gari lililokatwa Japani inaweza kuwa nzuri kwa chuma, lakini mpira wake una umri wa gari lile. Mpira unazeeka kwa miaka na hewa, hata gari likiwa halitembei.

Dukani, Kariakoo au Kirinyaga Road, msitaje tu jina la gari. Nendeni na chasisi namba. IST ya NCP60 na ya NCP61, Vitz ya SCP10 na ya SCP90, vitu vinafanana kwa macho na kutofautiana kwa milimita. Namba za Toyota zina sehemu mbili, na tarakimu tano za mwanzo zinakuambia ni kifaa gani: 48068 ni loa amu ya kulia, 48069 ya kushoto, 48654 na 48655 ni bushi za loa amu, 48815 ni mpira wa stabilaiza ya mbele, 48820 ni linki yake, 48725 ni bushi ya eksili ya nyuma. Sehemu ya pili ndiyo ya modeli yako. Muuzaji akikupa boksi lenye 48815 wewe umeomba bushi ya amu, umeshajua.

---

Mkwaju_Tanga

Mpira wa stabilaiza nao unahitaji presi?

---

Nyanda_Mwanza

Hapana. Umepasuliwa upande mmoja, unafungua kishikio, unauvua na kuvisha mwingine. Pima unene wa fimbo kwa vernia, mpira wa 22 kwenye fimbo ya 24 utapanuka na kulia, wa 24 kwenye fimbo ya 22 utagonga. Mpasuo uelekee kule kule ulikokuwa. Mchanga na kutu kwenye fimbo vifutwe kwanza.

---

Spana17

Nyuma msipasahau. Gari hizi zina eksili ya kujisokota, boriti moja inayounganisha matairi mawili, imeshikwa na bushi mbili kubwa tu. Zikichoka, mkia wa gari unajielekeza wenyewe kwenye kona za mwendo kasi na upepo wa malori, dereva anadhani ni usukani. Mlio wake ni mzito, unatoka chini ya kiti cha nyuma ukiingia shimo.

Kuzibadilisha, huhitaji kutoa boriti yote. Egemeza boriti kwa jeki, toa springi na ncha za chini za shokapu, legeza vishikio vya waya wa handibreki na paipu za breki zisivutike, fungua bolti mbili za mbele na ushushe mkono wa boriti mpaka bushi itoke nje ya bodi. Paipu ya mpira isiachwe ibebe uzito. Pula maalum ya kuvuta bushi ikiwa bado kwenye gari ndiyo inayofaa, kwa sababu boriti kubwa haikai vizuri kwenye presi. Mwelekeo wa bushi hizi ni wa lazima kuliko za mbele: matundu yake yamepangwa ili boriti ikisukumwa kwenye kona isigeuze tairi za nyuma nje. Na hizi zimelala, zinasokotwa kila tuta, kwa hiyo bolti zake zinakazwa gari likiwa na uzito wake, bila mjadala.

---

Pwani254

Alaimenti inafuata lini baada ya kazi yote, na nimwambie nini yule wa mashine?

---

Kiberenge

Ndugu, siku hiyo hiyo kama unaweza, ukienda taratibu hadi huko. Upepo wa matairi ujazwe kwanza kulingana na kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva, gari lisiwe na mzigo.

Kwenye gari hizi kinachorekebishwa kwa kawaida ni tou ya mbele (matairi kuelekea ndani au nje) kwenye tairodi. Kamba (camber, mwinamo wa tairi ukilitazama kwa mbele) inaweza kusogezwa kidogo kwenye bolti zinazoshika shokapu na nako. Kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani kwenda mbele au nyuma) haina marekebisho, na nyuma hakuna kitu cha kufungua kwa sababu ni boriti. Hivyo mwombe akupe karatasi ya vipimo vyote, si tou peke yake. Kasta ya kulia na kushoto zikipishana sana, amu moja imepinda, krosimemba imehama, au bushi ya nyuma imeingia kwa kina tofauti na mwenzake. Tou ya nyuma ikiwa nje ya kiwango upande mmoja, boriti imepinda au bushi yake mbovu. Asikubali kuficha matatizo hayo kwa kuvuta tairodi za mbele, maana usukani utanyooka na matairi yataendelea kuliwa.